Jani Linapomtumia Adui Vifurushi

Aliye jikoni aendelee na mapishi, aliye shambani aendelee na palizi, mradi sikio moja libaki huku. Habari ya leo ni ya majani, na hasa ya kitu kidogo sana kinachotoka ndani ya jani bila mtu yeyote kukiona kwa macho.

Tuanze sokoni. Nani hajanunua nyanya nzuri, nyekundu, ngumu, akaiweka kikapuni, na baada ya siku mbili tatu akaikuta imeota manyoya ya kijivu? Manyoya hayo ni kuvu. Wanasayansi wanaiita Botrytis cinerea, na ugonjwa wake unajulikana kwa jina la ukungu wa kijivu. Kuvu hiyo hushambulia zaidi ya aina 1000 za mimea: nyanya, stroberi, zabibu, vitunguu, maharage. Wakulima wa mawaridi wa Naivasha wanaijua vizuri mno. Ua hukatwa likiwa safi, halina doa, hufungwa kwenye boksi na kupandishwa ndege kwenda Uholanzi, kumbe kuvu imekwisha jificha ndani ya petali. Boksi linapofunguliwa huko, madoa ya kahawia yameanza kutambaa, na hasara inarudi kwa aliyelima.

Sasa swali. Kuvu inapotua juu ya jani, jani hufanya nini? Lipolipo tu linangoja kuliwa?

La hasha. Kwa miaka mingi vitabu vimetaja njia kadhaa za kujikinga: jani huimarisha ukuta wa seli pale linapotobolewa, hutengeneza kemikali zenye sumu, na wakati mwingine huziua seli zake chache ili adui asipate pa kupita. Yote hayo ni kweli. Lakini miaka ya karibuni imefunua jambo jingine, na hilo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: mmea haumngojei adui ndani. Unatoa vitu kutoka kwenye seli zake na kuvipeleka hadi ndani ya mwili wa adui.

Unavipelekaje? Kwa vifuko. Wataalamu wanaviita vifuko vya nje ya seli. Kila kifuko kimezungukwa na utando wa mafuta wa aina ileile inayoizunguka seli yenyewe, na ndani yake mna protini na vitu vingine. Ukubwa wake? Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kifuko kimoja kina nanomita 50, au 100, au 150. Ndiyo maana haviwezi kuonekana hata kwa hadubini ya kawaida ya shuleni; inahitajika hadubini ya elektroni.

Wasikilizaji wengi wamewahi kutuma mzigo kwa basi. Unaufunga vizuri, unaandika jina la mpokeaji na namba ya simu, unaukabidhi ofisi ya mabasi, na wewe unabaki Mbeya huku mzigo ukienda Dar es Salaam. Ufungaji ndio unaookoa mali: mvua, vumbi na mikono ya njiani haviigusi. Kifuko cha mmea kinafanya kazi ya namna hiyo. Kilichomo hakiharibiki njiani, na juu ya utando zimo protini ambazo wataalamu wanazitumia kutambua kifuko ni cha aina gani. Mfano huu tuuweke akilini, kwa maana tutauhitaji tena mbele kidogo, kwenye ubishi mkubwa.

Vifuko hivi hutengenezwaje? Ndani ya seli kuna mfuko mkubwa ambao utando wake hujikunja kuelekea ndani na kuzaa vifuko vingi vidogo. Mfuko huo husogea hadi ukingoni mwa seli, utando wake ukaungana na utando wa nje wa seli, kisha vifuko vyote vikamwagika nje. Nje hapo ndipo penye ukuta wa seli, na penye maji machache yanayopita kati ya seli na seli.

Jambo la kushangaza ni kwamba mimea ilitangulia kutuonyesha siri hii. Mwaka 1967 watafiti wawili, Halperin na Jensen, walikuwa wakichunguza seli za karoti kwa hadubini ya elektroni. Waliona mifuko yenye vifuko ikiungana na utando wa nje wa seli. Picha zikachapishwa. Na baada ya hapo? Kimya, au karibu kimya. Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti wa Amerika Kaskazini yaliona jambo hilohilo kwenye chembechembe changa za damu, za panya na za kondoo, na macho ya dunia yakahamia kwa wanyama. Leo vifuko vya binadamu vinachunguzwa katika saratani, katika ujauzito, katika magonjwa ya ubongo. Mmea uliotangulia ukasahauliwa kwa miongo kadhaa, na huo ni upotevu wa kusikitisha, maana njaa ya watu wengi huanzia kwenye ugonjwa wa mimea.

Kwa nini ulisahauliwa? Sababu kubwa ilikuwa ule ukuta. Seli ya mnyama haina ukuta. Seli ya mmea inao, mgumu, na matundu yake ya kawaida ni madogo kuliko kifuko. Watu wakajiambia: hata kama vifuko vinatoka, vitakwenda wapi? Hoja hiyo ilionekana kuwa na akili. Ikachelewesha kazi.

Aliyeamsha jambo hili upya ni mmea ambao wengi wetu tunaulima, alizeti. Mwaka 2009 watafiti wa Mar del Plata, Argentina, walitoa maji yaliyo kati ya seli za alizeti na kuonyesha kwamba yana vifuko. Mwaka 2017 wakarudi na habari nzito zaidi. Walichukua vifuko vya alizeti wakavichanganya na mbegu za kuvu iitwayo Sclerotinia sclerotiorum, ambayo huozesha shina na kichwa cha alizeti. Vifuko vikaingia ndani ya kuvu. Ukuaji wa kuvu ukapungua, na baadhi ya seli zake zikafa.

Hebu turudie hapo, kwa aliyejiunga nasi sasa hivi. Mmea hutoa vifuko. Vifuko huingia ndani ya kuvu. Kuvu hudhoofika.

Mwaka huohuo wa 2017, katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Brian Rutter na Roger Innes walifanikiwa kuvisafisha vifuko vya mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Mmea huu ndio maarufu kuliko yote maabara, na usidhani ni wa mbali: ni ndugu wa kabichi na sukumawiki, na huota wenyewe kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Njia waliyotumia inaeleweka kwa yeyote. Majani yanatumbukizwa kwenye maji yenye chumvi maalumu, hewa inavutwa ili maji hayo yaingie katikati ya seli, kisha majani yanazungushwa polepole kwenye mashine hadi maji yatoke tena. Seli hazipasuki. Kinachopatikana ni kile kilichokuwa nje ya seli tu. Maji hayo yakizungushwa kwa kasi kubwa zaidi, vifuko hushuka chini ya chupa.

Walichokipata? Vifuko vilijaa protini za kukabili magonjwa na dhiki nyingine. Na mmea ulipoambukizwa bakteria, au ulipopewa asidi ya salisiliki, ambayo ni homoni ya mmea ya kutoa tahadhari, vifuko viliongezeka. Kwa hiyo havimwagiki ovyo. Hatari ikija, mmea hutoa vingi zaidi.

Sasa tufike kwenye yaliyomo, maana hapo ndipo habari inapokolea.

Msikilizaji amesikia habari za jeni. Jeni ni maagizo. Ili agizo litekelezwe, seli huandika nakala yake kwa kitu kiitwacho RNA, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa ili protini itengenezwe. Lakini ziko pia RNA ndogo sana, zenye herufi kama 21 tu. Kazi yake ni kutafuta nakala inayolingana nazo, kujibandika hapo, na kuifanya ikatwe. Nakala ikikatwa, agizo halitekelezwi. Jeni ipo, lakini imenyamazishwa. Andrew Fire na Craig Mello walieleza utaratibu wa kunyamazisha jeni kwa RNA katika mnyoo mdogo mwaka 1998, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Mwaka 2013 maabara ya Hailing Jin, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, ilitoa taarifa iliyowashtua wengi. Ile kuvu ya nyanya, Botrytis, hupeleka RNA zake ndogo ndani ya seli za mmea. Zikifika, hukamata mashine ya mmea wenyewe ya kunyamazisha jeni, na kuigeuza izinyamazishe jeni za kinga za mmea. Adui ameingia nyumbani, akachukua panga la mwenye nyumba, akamkata nalo.

Je, mmea nao hujibu? Ndiyo. Mwaka 2018 maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba Arabidopsis hupeleka RNA zake ndogo ndani ya Botrytis, na kwamba RNA hizo hunyamazisha jeni ambazo kuvu inazihitaji ili ishambulie. Zinasafirije? Kwa vifuko. Vifuko hivyo vina protini iitwayo tetraspanini ya nane kwenye utando wake, na vilionekana vikikusanyika pale kuvu inapogusa jani. Watafiti walipopunguza tetraspanini hiyo na mwenzake wa tisa, mimea ikaugua zaidi. Hicho ni kipimo kizuri: ondoa msafirishaji, uone kama kinga inapungua. Ilipungua.

Na kuvu? Mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba nayo hupakia RNA zake kwenye vifuko vyake. Kwa hiyo, wasikilizaji, juu ya jani moja la nyanya lenye doa la kijivu kuna misafara miwili inayopishana, mmoja unatoka kwa mmea, mwingine unatoka kwa kuvu, na kila upande unajaribu kunyamazisha maagizo ya mwenzake. Mwaka 2024 maabara ya Jin iliongeza kwamba hata nakala ndefu za RNA za mmea huvuka kwa vifuko, na baadhi husomwa ndani ya kuvu na kutengeneza protini zinazoipunguzia nguvu. Maana yake, mmea unamfanya adui ajitengenezee mwenyewe kitu cha kumdhuru.

Tulisema tutauhitaji tena ule mfano wa basi kwenye ubishi. Ubishi wenyewe huu hapa.

Mtu akikuta mali ndani ya basi, atajuaje kama ilikuwa ndani ya kifurushi, au ilifungwa juu yake kwa kamba, au ilikuwa imewekwa pembeni tu? Kwa macho hutajua. Katika maabara ni vilevile: RNA inaweza kushuka chini ya chupa pamoja na vifuko bila kuwa ndani yake. Ndiyo maana kuna jaribio la lazima. Vifuko vinawekewa kimeng'enya kinachokula protini, kisha kingine kinachokula RNA. Kilichomo ndani ya utando kinasalimika. Kilicho nje kinaliwa.

Mwaka 2022 kundi la Innes lilifanya hivyo na kutangaza kwamba RNA nyingi kati ya seli za Arabidopsis ziko nje ya vifuko, zimeshikamana na protini. Kundi la Jin nalo lilikuwa limefanya jaribio la kulinda RNA kwenye vifuko vyake, na likasema RNA zake ndogo zimo ndani. Nani mkweli?

Hapa inafaa kusikiliza kwa makini. Makundi haya mawili hayazungushi chupa kwa kasi moja. Moja limezoea nguvu ya mara 40,000 ya uvutano wa dunia, jingine mara 100,000. Kasi tofauti hushusha vifuko tofauti. Vya kundi moja vinatambulika kwa protini iitwayo PEN1, vya jingine kwa ile tetraspanini ya nane. Hivyo inawezekana kabisa kila kundi linasema kweli kuhusu vifuko lilivyonavyo mkononi, na kwamba mmea una aina kadhaa za vifuko na pia njia nyingine ya kupeleka RNA isiyohitaji kifuko.

Wengine husikia ubishi wa wanasayansi wakakata tamaa na sayansi yote. Wasifanye hivyo. Ubishi huu unahusu jambo linaloweza kupimwa, na pande zote zinapima. Tena una uzito kwa mkulima, kwa kuwa atakayetaka kutengeneza dawa kwa kuiga mmea ni lazima ajue mmea unaifunga vipi mali yake. Akiiga kitu ambacho mmea haukifanyi, dawa itashindwa shambani.

Na ule ukuta je? Vifuko vinapitaje? Fununu moja ilitoka hospitali, tena kwenye dawa ya kuvu iitwayo amfoterisini, ambayo hutiwa katika vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 60 hadi 80. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba vifuko hivyo hupita kwenye ukuta wa kuvu Candida vikiwa vizima. Ukuta unanyumbulika kuliko watu walivyodhani. Tena vifuko vya mimea, vikiwemo vya alizeti, vimekutwa na vimeng'enya vinavyogeuza ukuta wa seli, kwa hiyo huenda vinajifungulia njia vyenyewe, na huenda pia vinasaidia kujenga na kukarabati ukuta wa mmea.

Vita siyo kazi pekee ya vifuko. Mahindi, maharage na mimea mingi ya shambani huishi kwa urafiki na kuvu za mizizini: kuvu inaleta fosfati kutoka udongoni, mmea unailipa kwa sukari na mafuta. Mwaka 2019 hadubini zilionyesha vifuko vingi katika nafasi nyembamba kati ya seli ya mzizi na kuvu rafiki, pale hasa mabadilishano hayo yanapofanyika. Na chavua ya mzeituni, inapoota na kurefusha mrija wake kuelekea yai la ua, huachilia vifuko vyenye protini, zikiwemo zile zinazowaletea watu mafua ya mzio. Hilo lilichapishwa mwaka 2014.

Neno moja la tahadhari kabla ya kwenda shambani. Siku hizi zinauzwa krimu na vidonge vinavyodai kuwa na vifuko vya tangawizi, vya limau, vya mchele. Ni kweli kwamba maabara ya Huang-Ge Zhang ya Chuo Kikuu cha Louisville ilionyesha mwaka 2018 kuwa chembe za tangawizi huingia ndani ya bakteria wa tumboni mwa panya na kubadili mwenendo wao. Lakini tangawizi ikisagwa, seli zote hupasuka, na tando zilizovunjika hujifunga zenyewe kuwa viduara. Mchanganyiko huo si kitu kimoja na vifuko ambavyo jani hai limevitoa kwa makusudi. Muuzaji anayechanganya mambo hayo mawili anamnyima mnunuzi haki ya kujua analipia nini.

Haya, shambani sasa. Mwaka 2016 maabara ya Jin ilitengeneza RNA inayonyamazisha jeni mbili za Botrytis, zile ambazo kuvu inazitumia kutengeneza RNA zake ndogo za hujuma. Katika jaribio lake la kunyunyiza, haikupandikiza kitu chochote kwenye jeni za mmea. Iliinyunyiza tu RNA hiyo juu ya stroberi, zabibu, letusi, vitunguu na petali za waridi. Ukungu wa kijivu ukapungua.

Tatizo ni kwamba RNA tupu haidumu. Jua, mvua na vimeng'enya vya vijidudu juu ya jani huimaliza upesi. Ndipo watafiti wakajiuliza: mmea wenyewe unaifungia kwenye kifuko, kwa nini sisi tuinyunyize ikiwa uchi? Mwaka 2023 walichapisha matokeo ya RNA iliyotiwa ndani ya vifuko vya mafuta vilivyotengenezwa maabara. Ilishikilia juu ya majani hata baada ya kuoshwa, na kinga ikaendelea kwa siku nyingi kuliko ya RNA tupu. Kazi iliyobaki ni kupunguza bei, maana mafuta hayo ya maabara ni ghali kwa mtu mwenye robo eka ya nyanya.

Dawa ya kunyunyiza ya RNA siyo ndoto tena. Mwishoni mwa mwaka 2023 Marekani iliidhinisha ya kwanza ya namna hiyo, iitwayo ledprona, dhidi ya mbawakavu anayekula majani ya viazi. Huyo ni mdudu, anakula jani na dawa inaingia pamoja na chakula. Kuvu haina kinywa. Ni lazima ipelekewe dawa hadi ndani, kupitia ukuta wake, na wanaotengeneza dawa ya ukungu wa kijivu wanaendelea kuchunguza majani ya Arabidopsis, ya nyanya na ya tumbaku ili wajue mmea unalifanyaje hilo.